Sista Alipotufundisha Kujieleza kwa Kifaransa

Wenzangu mliokula ugali wa unga wa njano, mwaka ndio huo. Ndizi zilikuwa haba, na ule unga wa serikali ulinuka gunia hata uupike na maziwa. Ndipo sisi wasichana wa misheni, kule Kibosho, tulipofundishwa Kifaransa. Msicheke.

Sista wetu alikuwa Mfaransa. Aliandika ubaoni: Je suis petite. Sisi kuona "je", tukajua tunaulizwa swali. Aniseta, rafiki yangu wa kukata naye majani ya ng'ombe, akanyoosha mkono.

"Ndiyo, Sista!"

"Ndiyo nini?"

"Sijui, Sista, lakini ndiyo!"

Kumbe kwao "je" ni mimi! Basi tukaimba: Je m'appelle Veronika, jina langu Veronika. J'ai dix ans, nina miaka kumi. Je suis petite, mimi ni mdogo. Na kwa kuwa serikali ilikuwa ya Mwingereza, akatuongezea na Kiingereza chake: my name is, I am ten, I am small. Tulirudi na mizigo ya majani vichwani, tukijitambulisha kwa migomba. Viatu hatuna, lugha tunazo! Watoto wa leo viatu vyao vinawaka taa, ila shikamoo inawakwama kooni.

Siku moja Sista akatuambia anakuja mama tajiri kutoka kwao, atachagua msichana mmoja amsomeshe bweni mpaka awe mwalimu. Nafasi ile niliitaka mpaka chakula hakipiti. Lakini tukaongezewa sentensi: Je suis pauvre, mimi ni maskini. Kwa Kiingereza, I am poor. Sisi tulisikia "poa". Wajukuu zangu wakiambiana "niko poa", mimi nacheka peke yangu.

Mgeni akafika, kofia pana kama ungo. Nikaitwa wa kwanza. Jina, nikasema. Miaka, nikasema. Udogo, nikasema. Ukabaki umaskini. Baba alikuwa na kihamba chake cha kahawa na migomba, na mama mwaka ule wa shida aliwagawia majirani maziwa. Nikaona nikilitamka lile neno, nawatukana wote wawili mbele ya mgeni.

"Endelea, Veronika," Sista akanihimiza. "Je suis..."

"Sisi si maskini. Sisemi."

Aniseta alisema, tena kwa sauti tamu. Akachaguliwa, akawa mwalimu kweli. Mimi nikarudi kwenye majani. Mama alinigombeza mpaka akachoka: "Huo mdomo wako ndio utakaokulisha?" Baba alinimiminia maziwa kwenye kibuyu chake mwenyewe.

Leo mjukuu wangu Neema, anayepandisha wageni mlimani, anajifunza Kifaransa kwenye simu. Simu inamsemesha, naye anaijibu, wawili tu, hata kicheko hakuna. Sisi tulijifunza kwa kelele, darasa zima likikosea pamoja, na makosa yenyewe yalikuwa matamu. Juzi nikasikia simu imefika kwenye "je suis pauvre", nikamsimulia.

"Jamani, Bibi! Neno moja tu! Ungelisema, si ungekuwa mwalimu? Haya, lijaribu sasa, hakuna anayekusikia."

"Sisi si maskini. Sisemi."