Mshambuliaji Mmoja kwa Chipukizi Wawili

Mpira wa magongo uliletwa Tukuyu na mwalimu mmoja wa kike, miaka ile Azimio la Arusha likiwa bado jipya masikioni. Kabla hatujazijua vizuri sheria zake, wasichana wa mjini, wa Masukulu na wa Kinyala tulishakuwa na timu. Fimbo tulichonga kwa mipera, tukitafuta tawi lililojipinda lenyewe. Mimi nilivaa suruali chini ya gauni, maana kwetu ni Waislamu na mama hakutaka mjadala.

Lakini kilichoniteka mimi ni kubadilishana wachezaji. Siku ya soko manahodha tulikutana kwenye baraza la baba yangu, fundi cherehani, tukabishana. Mtu ana thamani gani? Mwenye mbio lakini mwoga ni sawa na mzito asiyeogopa? Na chipukizi ambaye bado anarefuka unampimaje, wakati hata mama yake hajui atakomea wapi? Hela haikuingia, ilikuwa mtu kwa mtu. Ningeweza kukaa pale kutwa nzima bila kukumbuka chakula.

Baba alikanyaga cherehani yake amenuna. Alishaniambia, "Mkifungwa na Kinyala tena mwaka huu, basi. Utakaa hapa, utashona." Baba si mtu wa kurudia neno. Nami sikutaka kushona, nilitaka kucheza, kwa hiyo nikaanza kusaka mshambuliaji kwa udi na uvumba.

Masukulu walikuwa naye, na alikuwa ameolewa juzijuzi hapahapa mjini kwetu. Nahodha wao akataka chipukizi wangu wawili, mmoja wao winga wa kushoto, msichana mwembamba asiyechoka. Nikauliza habari za magoti ya bibi harusi, hasira zake, hata kama ana mimba. Nahodha alinijibu yote bila kupepesa macho. Tukakubaliana, nikajiona mjanja kwelikweli.

Mechi ya kwanza, mshambuliaji wetu mpya aliwapita mabeki wote, akabaki yeye na kipa. Ghafla akatupa fimbo, akajifunika uso kwa mikono, akatokomea migombani. Nyuma ya goli alikuwa amesimama mzee mmoja na kikapu chake cha sokoni. Baba mkwe wake.

Mke wa Kinyakyusa haonani uso kwa uso na baba mkwe. Tuliyaona hayo kila siku, wanawake wakiiacha njia na kuingia vichakani na mizigo yao kichwani, lakini barazani pale hakuna aliyeyakumbuka. Kumbe nahodha wa Masukulu aliyakumbuka vizuri sana. Na mzee mwenyewe, ole wangu, alipenda magongo, hakukosa mechi hata moja.

Nilimfuata kwake. "Shikamoo, mzee. Nakuomba Jumamosi usije uwanjani."

Alifikiri kidogo. "Kuja nitakuja, mwanangu," akasema. "Ila si lazima nitazame."

Jumamosi ile tulicheza na Kinyala. Mzee aliweka kigoda chake nyuma ya ua wa matete, akaupa uwanja mgongo. Kando yake, sikuamini macho yangu, alisimama baba, utepe wa kupimia bado shingoni. Nadhani alikuja kushuhudia mwisho wa upuuzi wangu. Mzee akamshika mkono. "Rafiki yangu, nisimulie."

Nilikuwa beki wa upande ule, nikawasikia. Mwanzoni baba alisema kwa shingo upande, "Wanakimbia tu." Baadaye sauti ikabadilika. "Mkweo kauchukua. Kampita mmoja. Kampita mwingine. Ngoja, ngoja kwanza. Kafunga." Mzee akajipiga goti kwa furaha, uso bado unatazama migomba.

Hata hivyo tulifungwa. Kinyala walipitia kushoto mara mbili, pale pale nilipopaacha wazi kwa ujanja wangu. Nilirudi nyumbani nyuma ya baba, roho ikiniuma mno. Nikaketi mwenyewe kwenye kiti cha pembeni ya cherehani, nikachukua sindano.

Baba alitunga uzi, akasita.

"Yule winga wa kushoto uliyewapa Masukulu," akasema. "Tukimtaka arudi, watataka nani?"