Mkwe Katika Chumba cha Daktari

Siku za soko la Chwele, mama yangu hanywi kitu tangu alfajiri mpaka arudi nyumbani jioni. Hata maji ya kumezea dawa huyakataa. Wanawake anaouza nao vitunguu wamemtania mpaka wakachoka. "Chai yetu hunywi, ama unadhani tutakuroga?" Yeye hutabasamu tu. Akicheka kwa nguvu, mkojo unamtoka.

Sisi watoto hatukujua. Mwaka jana nilienda kumsaidia kuvuna mahindi, nikamwona akiinua gunia, akisimama ghafla, kisha akifunga leso ya pili juu ya ile ya kwanza. Nilipomuuliza alisema, "Ni nyinyi. Mliniharibu mkitoka." Akaendelea na kazi.

Bungoma, mji ulio karibu na kwetu, alikataa kwenda hospitali. Alisema kwenye foleni ya huko hakosekani mteja wake, na asiye mteja anaimba naye kwaya. Kwa hiyo nikamwomba aje Kitale, ninakoishi na mume wangu na ambako hajulikani. Ilichukua miezi kumshawishi.

Sista, muuguzi aliyetupokea kliniki, alikuwa mama mtu mzima, na alizungumza na Mama bila haraka. Alimweleza kwamba misuli inayoshikilia kibofu hulegea kwa kuzaa na kwa kubeba mizigo mizito, na kwamba wanawake wengi wana shida hiyo, ila kila mmoja anajificha. Kujinyima maji, alisema, hakumsaidii. Mkojo unakuwa mkali na kibofu kinasumbuka zaidi. Akamfundisha kukaza misuli kama mtu anayezuia mkojo, kisha kuilegeza.

"Lakini lazima upimwe kwanza, Mama. Kama kizazi kimeshuka, mazoezi peke yake hayatatosha."

Mama alikubali. Alipanda kitandani, akafunikwa shuka. Sijawahi kumwona akiwa mtiifu hivyo.

Daktari akaingia akivaa glavu, akaniona. "Ah, shemeji! Kumbe ni wewe?"

Alikuwa mtoto wa kiume wa baba mdogo wa mume wangu. Sikujua kwamba alikuwa amehamishiwa pale.

Kwetu, mama hampi mkono mume wa binti yake wala hakai karibu naye, na ndugu za huyo mume ni wakwe vilevile. Mama alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. Chini yake nikasikia, "Mwambie mkwe atoke."

Daktari hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshageukia ukuta, glavu moja mkononi. "Pole, shemeji," alisema akitoka. "Mimi siwezi."

Daktari mwanamke wa kliniki hiyo alikuwa likizo ya uzazi. Sista alisema hakuna anayejua kama atarudi pale au atapelekwa kwingine. Nikataja hospitali nyingine mjini. Mama alikuwa anavaa viatu.

"Na huko utajuaje nani ataingia? Ukoo wenu umejaa kila mahali, bana."

Nilimbebea mfuko mpaka stendi.

Tangu siku hiyo nimempigia simu mara nyingi. Mazoezi anayafanya, anasema, hata akiwa ameketi kanisani. Nikitaja kupimwa, ananiuliza habari za watoto. Kama kizazi kimeshuka au la, mpaka leo hatujui.