Mteja Niliyemwombea Dhamana

Mwaka ule wa korona, mahakama ya Kakamega ilikuwa kimya hata ikiwa imejaa watu. Benchi zilipigwa misalaba ya utepe mwekundu pale tulipokatazwa kukaa. Ukiingia asubuhi, kabla taa hazijawashwa, ungedhani waliokaa pale jana wamezikwa papo hapo. Sote tulivaa barakoa. Mtu akisema "Naam, Mheshimiwa," hukujua ni nani, maana hukuona mdomo ukisogea.

Nilikuwa mwoga, sioni haya kusema. Mawakili tulikatazwa kushuka seli kuonana na wateja, nami nilimshukuru Mungu kwa katazo hilo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nilijiambia. Mteja wangu alikuwa mkata miwa wa Matete, ameshtakiwa kuiba ndama. Sikuwahi kumwona. Tulizungumza kwa simu tu, na alikuwa na pumu.

"Wakili," aliniambia, "humu ndani watu wanakohoanga usiku kucha. Nitoe kabla haijanifika."

Siku ya kesi nilianza kwa kusimama kwa niaba ya mwenzangu aliyekuwa karantini, kama ilivyo desturi yetu. Kisha jina la mteja wangu likaitwa. Mwanamume mrefu akapanda kizimbani. Niliomba dhamana kwa moyo wote, nikaeleza pumu ile hadi mwenyewe nikakosa pumzi. Yeye alisimama wima, ametulia tuli. Aliniudhi kidogo. Nilitamani akohoe hata mara moja, anisaidie.

Hakimu alikubali. Askari akamtoa, nami nikawafuata ukumbini, nikiwa nyuma kwa hatua kadhaa.

"Hongera," nikamwambia. "Leo utalala kwako."

Akageuka, akashusha barakoa. Alipoongea, sauti haikuwa ile ya simuni.

"Mimi siye, wakili. Tuko naye seli moja. Mwenyewe ameshindwa kuinuka, akaniomba nimsimamie, kesi isisukumwe mbele. Nyinyi mawakili si mnasimamiananga?"

Nilikuwa nimemtetea mtu nisiyemjua, kwa dakika nyingi, na sikuhisi chochote.

Askari hakujali tena katazo; tuliteremka sote watatu. Kwenye kona ya seli mtu alikuwa amelala ameelekea ukutani, barakoa yake imepanda hadi machoni. Nilimwita jina lake kupitia nondo. Nikamwambia dhamana imekubaliwa. Nikamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi, na sauti yangu ikanirudia.

Askari akafungua mlango, akanitazama. Ilibidi mtu aingie, amguse, tujue. Mimi ndiye niliyekuwa wakili wake. Miguu ilikataa, nami nikaitii.

Yule mrefu alinipita akaingia. Akapiga magoti, akaweka kiganja kifuani mwa mwenzake, akangoja kwa muda mrefu sana.

"Anapumua," alisema bila kunitazama. "Sasa ita gari la hospitali. Hilo utaweza."