Kamba Kiunoni

Meneja wa kampuni ya kufulia mahoteli mashuka, kule mjini, alinitazama kutoka utosini hadi unyayoni, akaniuliza nina kilo ngapi. Nikamjibu kwamba sikuja buchani. Akacheka, akaniandika kazi papo hapo. Kumbe timu yake ya wanawake ya kuvuta kamba ilikosa nanga, yule wa mwisho kabisa anayezungushiwa kamba kiunoni ili wenzake wasiburutwe.

Usidhani ulikuwa mchezo wa kupitisha wakati. Kila mwaka makampuni yalikutana Jamhuri, kwenye uwanja wa maonyesho, na wakubwa walitambiana kwa timu zao. Nanga wa kabla yangu aliumia mgongo, na mwezi haukuisha akaonyeshwa mlango.

Mwaka wangu wa tatu nikashika mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Mume wangu alitunza bustani kwenye mtaa wa matajiri wa Lavington, na tajiri wake alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao Ulaya, kwa hiyo kazi yangu ndiyo tuliyoitegemea. Sikumwambia mtu, hata mume. Kila tulipofanya mazoezi nilihisi kamba ikinikaba tumbo, nikarudi nyumbani nikijikagua nguo kwa hofu.

Siku ya mashindano nilijificha nyuma ya banda la ng'ombe, nikitafuna mawe laini ya wajawazito niliyoyafunga kwenye leso. Mwimbishaji wetu akanikuta. Alikuwa mjane wa Mombasa, mwembamba, mpiga pasi, na kazi yake uwanjani ilikuwa kusimama kando na kutoa sauti ili tuvute kwa pamoja.

"Mwanangu, tangu lini wala mawe?"

Nikaificha leso nyuma yangu.

"Ni wa kwanza?"

"Ni wa tatu, Mama. Hakuna aliyekaa."

Akanyoosha mkono. "Basi kaimbishe wewe. Kamba nitafunga mimi."

"Lakini wewe si mzito."

"Mimi tumboni sina mtu."

Nikasimama kando. Tukishinda, meneja ataona sina kazi hapa. Tukishindwa, atauliza nanga wake alikuwa wapi. Sikujua niombe nini. Nikapaza sauti tuliyoizoea kazini tukikamua mashuka, "Kamua! Kamua!", na kwa kitambo wenzangu walishikilia. Kisha nikamwona mjane akiteleza, visigino vikichimba majani, mpaka akaburutwa kifudifudi.

Jumatatu meneja alitupanga mstari.

"Nani alibadilisha nanga?"

Nilifungua mdomo. Mjane akanifinya mkono kwa nguvu, akatoka mbele.

"Mimi. Nilitaka kujaribu."

Akafukuzwa pale pale. Nilikasirika, lakini mkono wangu ulikuwa tumboni, nami nikarudi kwenye mashuka.

Miezi ile yote niliiishi kwa woga. Mtoto alipofikisha arobaini nilimbeba hadi nyuma ya msikiti mjini, ambako mjane aliuza mahamri. Alipoinama kumpokea, leso yake ya kiunoni ikasogea, nikaona kovu la kamba. Niliangua kilio mbele ya wateja wake.

Yeye alimwinua mtoto juu, akampima kwa mikono.

"Mh, huyu mzito," akasema. "Huyu usimpeleke kwa meneja."