Ubao wa Dirisha la Baba

Juzi, nikiwa kwa fundi wa mbao pale Rangwe, mama mmoja alifika na ubao wa chini wa dirisha, umeoza upande wa nje. Alitaka mwingine kama huo.

“Mama, siku hizi watu wanaweka simiti. Haiozi,” fundi akamwambia.

“Simiti ni baridi. Baba yangu haoni tena, na kila asubuhi anaegemea hapo akisikiliza barabara. Akigusa simiti atafikiri tumemhamisha.”

Fundi akapapasa vishimo viwili vilivyolainishwa na viwiko vya mzee. “Na hivi pia nivichonge?”

“Wacha. Hivyo atavichonga mwenyewe.”

Tulicheka sote, kisha nikakumbuka kwetu Homa Bay. Zamani mama yangu aliegemea dirisha la jikoni akipiga gumzo na majirani. Tukamwekea la alumini, zuri kabisa. Tangu hapo sijamwona akiliegemea.