Nilisema "courant", wakaogopa kumgusa bibi harusi: kisa cha daktari wa ubongo nyumbani Kasongo

Wakuu, salaam kwenu nyote. Leo nina off, chai ipo mezani, acha niwape kisa. Kimetokea kweli na mimi nilikuwemo. Majina nimebadilisha, na mwenyewe mhusika ameniruhusu huku akicheka.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Mzaliwa wa Kasongo, Maniema, Congo, ila kazi naifanyia nje. Wagonjwa wangu ni wa aina mbili: wanaotetemeka mwili, na wale wa kifafa ambacho dawa zimeshindwa.

Kazi naipenda, sifichi. Kuna fundi cherehani mmoja, mkono ulimtetemeka hadi kikombe hakishiki. Upasuaji ule tunaufanya mgonjwa akiwa macho, tunapitisha waya mwembamba hadi ndani ya ubongo. Tulipowasha umeme kidogo, mkono ukatulia pale pale theatre. Akautazama weee, kisha akaniuliza kama Jumatatu anaweza kwenda kazini. Siku kama hiyo hata foleni ya kurudi nyumbani hainiudhi.

Sasa twende Kasongo.

Nilikwenda likizo kwa ajili ya harusi ya Zaituni, binti wa shangazi yangu. Mchumba wake ni Amisi, kijana wa upande wa Lusangi kule Kabambare. Walijuana sokoni Kasongo, anakoleta mchele. Mahari ilishapokelewa, mimi najua nakwenda kula pilau tu.

Zaituni ana kifafa tangu mdogo. Amisi alijua, wazazi wake hawakujua. Basi wakwe walipokuja kwa shangazi kwa ziara ya mwisho kabla ya harusi, binti akaanguka uani mbele ya mama mkwe mtarajiwa, Mama Salima.

Na kwetu mtu akianguka hivyo hakuna anayemgusa. Wanasema povu linaambukiza. Watu wote wakarudi nyuma, hata shangazi akabaki amesimama pembeni analia. Zaituni akazinduka peke yake kwenye vumbi, kama alivyozinduka maisha yake yote.

Mama Salima akaondoka. Kesho yake ikaja habari: harusi isimame kwanza, mpaka "docteur ya vichwa" aende kueleza.

Ndio mimi huyo.

Nikapanda pikipiki hadi kwao, nimejiamini vibaya. Nimeshafundisha madaktari, nitashindwa kuongea na wakwe? Nikaeleza kwamba kifafa hakiambukizi, wala si majini. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo, ukizidi ghafla mtu anaanguka. Umeme kwetu tunaita courant, kwa hiyo nikasema kama wanavyosema:

"Mu kichwa ya Zaituni courant inapitaka mingi mara moya. Ikiisha, anaamuka."

Wakatazamana. Mama Salima ni mkulima wa mihogo, maneno yake machache na hapendi mchezo. Akauliza polepole:

"Sasa docteur, kama iko na courant, mutu akimugusa haitamupiga?"

Wakuu, niliishiwa pozi. Nimeondoa povu, nimeleta shoti.

Kila nilivyorekebisha nilizidi kuharibu. Baba yake Amisi akakumbuka ndugu yake aliyeshika waya mjini akarushwa. Ndugu wengine waliokuwepo wakaitikia. Amisi kainamisha kichwa, Zaituni yuko Kasongo anasubiri simu, na mimi naiua harusi ya dada yangu kwa neno moja. Nilijisikia vibaya sana.

Nikaachana na umeme. Nikamlaza Amisi mkekani nikaonyesha kwa vitendo: mgeuze ubavu, weka kitenge chini ya kichwa, usimtie kitu chochote mdomoni, kaa naye mpaka azinduke. Nikasema Zaituni upasuaji hauhitaji, anahitaji dawa kila siku bila kuruka, na daktari wa Kasongo atamfuatilia. Mama Salima alitazama mpaka mwisho, akasema:

"Amuoe. Mambo ya courant nitaiona mimi mwenyewe."

Sikuelewa ana maana gani. Nikashukuru nikaondoka kabla sijaongeza neno.

Harusi ikafungwa. Siku ya kumpokea bibi harusi ukweni, ngoma, moshi wa majiko, watu tele. Zaituni hakuwa amelala vizuri, na katika pilikapilika dawa ikasahaulika. Akaanguka katikati ya wageni.

Wageni wakarudi nyuma, kama kawaida. Nikaanza kusukuma watu nifike. Kabla sijafika nikamsikia Mama Salima:

"Babuchi yangu iko wapi? Leteni babuchi."

Babuchi ni zile ndala za mpira. Akavua viatu vyake vya sherehe, akavaa ndala bila haraka kama fundi umeme anayejiandaa kupanda nguzo. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti, akamshika Zaituni. Akamgeuza ubavu. Kitenge chake kipya kikaenda chini ya kichwa. Akaacha mkono begani kwake mpaka alipofumbua macho.

Zaituni alizinduka akakuta uso wa mtu karibu yake. Hilo lilimshangaza kuliko kuanguka kwenyewe. Mimi nililia, sioni aibu kusema.

Na kuhusu babuchi sikusema kitu. Mtu ameuvuka woga wake kwa ndala, mimi nani nimvue?

Nilichojifunza: dawa ina dozi, na maneno ya daktari nayo yana dozi. Mimi nilizidisha. Na mtu akianguka mbele yako, mshike. Povu halina kitu, na shoti pia haipo.

Kwenu huko mtu akianguka watu hufanyaje? Wenye ndugu wa hivi semeni, nitakachoweza nitajibu. Na wa kunicheka kwa courant yangu, uwanja ni wenu.

UPDATE: Zaituni, ambaye huniita yaya, yaani ndugu mkubwa, amenipigia sasa hivi. Dawa anakunywa vizuri, amekaa muda mrefu bila kuanguka, ila juzi alianguka shambani. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa shamba, akaja mbio akikata katikati ya mihogo.

Nikamuuliza, "Na babuchi?"

"Zilibakiya ku nyumba, yaya. Alikuya na miguu tupu."