Mstari wa Tatu Kutoka Ukutani

Kabla sijaona mzabibu hata mmoja, nilisikia mkasi. Tak. Kimya. Tak, tak. Basi lilikuwa limeniteremsha chini ya kilima na kwenda zake, vumbi lake jeupe lilikuwa bado halijatua, na mbele yangu palikuwa na ukuta wa mawe tu, mrefu kunizidi. Nyenze walipiga kelele kwenye misonobari kana kwamba jua lenyewe linakaangwa. Lakini chini ya kelele zile ulipita ule mlio mdogo, mkavu, wa chuma kukutana na chuma, nikasimama na mkoba begani nikacheka peke yangu. Mlio ule niliujua. Niliuzoea Durban, kwenye ngazi za ghorofa letu la Sydenham.

Mwenye mlio wa Durban ni jirani yangu wa chini, mzee kutoka Lubumbashi anayefanya kazi bandarini, akikagua lakiri za makontena. Kila Jumapili baada ya ibada huketi kwenye ngazi na kitambaa, kichupa cha mafuta ya cherehani, na mkasi wa kupogolea mizabibu wenye uzi mwekundu uliozungushwa kwenye mpini. Yeye huuita sekateri. Huupaka mafuta, huubana hewani mara tatu nne, kisha huufunga tena kwenye kitambaa chake. Nimeishi juu yake miaka minne na sikuwahi kuuona ukikata kitu. Tena ana mzabibu wake mwenyewe, nyuma ya jengo karibu na kamba za nguo, ambao alipewa kijiti chake na mama mmoja Mhindi wa mtaa wa pili. Huo huukata kwa kisu cha jikoni, huku akiugombeza. Matawi yametambaa mpaka kwenye madirisha ya watu, na zabibu zake ni chache, tena kali.

Siku nilipomwambia kwamba nimealikwa kwenye tamasha la vitabu kusini mwa Ufaransa, aliuliza tarehe ya safari. Jioni akapanda kwangu na kitambaa mkononi.

"Mwandishi," alisema, maana ndivyo anavyoniita, nusu utani nusu heshima, "iko kijiji kule, juu ya kilima. Miye nilivunaka zabibu kule wakati niko mwanafunzi. Misimu mbili. Siku ya mwisho nafika mu chumba yangu, nafungua mukoba, sekateri ya yule mama mwenye shamba iko ndani, chini ya mashati. Sijui iliingia namna gani."

"Si uliisahau tu, Papa?"

"Nani ataamini? Sekateri zinahesabiwa. Mweusi anaenda, sekateri moja haiko. Watasema nini? Mwaka iliyofuata nikaona haya, sikurudia."

"Ungeituma kwa posta."

"Na barua naandika nini? Mwizi anawasalimia?"

Tukacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akaniwekea kitambaa mezani. "Umurudishie. Umuambie sikuibaka. Halafu angalia uso yake vizuri, unirudishie uso. Maneno, mtu anaweza kuipanga. Uso, hapana."

Hivyo mkasi ulisafiri ndani ya soksi, katikati ya sanduku langu kubwa, na siku moja baada ya tamasha nikapanda basi la asubuhi kwenda kwenye kilima kile.

Alinielekeza hivi: mlango wa bluu, kando ya kisima. Kisima nilikiona. Mlango wa bluu haukuwapo. Nilikizunguka kijiji chote mara mbili, na sikujuta hata hatua moja. Unaingia kwa lango la tao, jembamba, ambalo farasi wa zamani walilikwaruza kwa mikokoteni yao, na mikwaruzo ipo. Juu ya milango wamechonga miaka ya kujengwa kwa nyumba, na mingine imelika hadi tarakimu zimebaki kama makovu. Chini ya kila nyumba kuna ghala la mapipa, na kutoka kwenye matundu ya hewa harufu ya divai nzee inakupanda miguuni, ya ubaridi, ya kuni mbichi na tunda lililosahaulika. Niliyagusa mawe yale kwa adabu, kama mtu anayesalimiana na wakwe. Juu kabisa, kwenye uwanja wa kanisa, nchi nzima ikafunguka: matuta ya mawe yakishuka ngazi kwa ngazi, mizabibu ya Julai ikiwa imejaa majani, mizeituni yenye rangi ya majivu pembezoni, na mwisho wa yote ufito wa bahari, hafifu, kama chaki ya bluu iliyofutwa kwa kidole.

Na mkasi, kule chini, bado unaita. Tak, tak. Nikaona nimechelewa kuelewa. Nikaufuata.

Uliniongoza mpaka nyuma ya nyumba yenye mlango wa kijani, bluu ya zamani ikichungulia pale rangi ilipobanduka, hatua ishirini kutoka kisimani. Bibi mmoja alikuwa amesimama kati ya mistari ya mizabibu, kofia ya majani kichwani, viatu vya kiume miguuni, akipunguza matawi. Nilikuwa na sentensi yangu niliyoikariri tangu Durban. Nikaisema yote bila kupumua: "Bibi, shikamoo, nimeleta kitu ambacho si chetu, kilichotoka hapa wakati wa kuvuna zabibu za divai."

Hakutazama nilichoshika. Alinitazama mdomo.

"Sema tena hilo neno."

"Lipi?"

"La divai."

Kifaransa changu chote nimefundishwa na jirani yangu kwenye zile ngazi. Watu wa mjini hulitamka neno hilo, "vin", kwa pua iliyozibwa, likaishia hewani. Yeye alinifundisha kusema "veng", na ng yenyewe inalia kabisa, kama ile ya ng'ombe. Kwenye tamasha watu walikuwa wakitabasamu kila nikifungua kinywa, nami nilidhani wanaicheka lafudhi ya Lubumbashi.

"Veng," nikasema.

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo ya mzabibu. "Binti, umetoka wapi na lugha yetu? Hapo ng'ambo ya mto tu hawasemi hivyo!"

"Durban. Afrika Kusini. Alinifundisha Mkongo mmoja. Alivuna hapa."

Kicheko kikakatika. "Yule aliyekuwa akila zabibu nyingi kuliko anazotia kwenye ndoo?"

Nikafungua kitambaa. "Anasema hakuiba. Anasema hajui uliingiaje kwenye mkoba wake."

Aliuchukua mkasi, akageuza ule uzi mwekundu kwa kidole gumba, na hapo nikafanya nilichoagizwa: nilimwangalia uso. Nyusi zilipanda kwanza. Kisha midomo ikafungana, ikatetemeka kidogo upande mmoja, kama mtu anayejizuia asiseme mbele ya wageni. Macho yakajaa lakini hayakumwagika.

"Niliutia mimi," alisema. "Chini ya nguo, ili wengine wasione. Kila mwaka nilifanya hivyo kwa wale niliotaka warudi. Ukiondoka na mkasi wako, maana yake nafasi yako ipo. Sikusema kwa sauti kwa sababu ya wale ambao sikuwataka. Hapa kila mtu alijua desturi hiyo. Sikufikiri kwamba yeye hajui." Akaubana mkasi mara moja. "Mwaka uliofuata nilimwekea mstari wake. Nikangoja wiki nzima. Mume wangu akasema, ametuchoka, tulimpunja chakula. Mpaka anafariki alikuwa akisema hivyo, tulimpunja chakula."

Nilisema tu kwamba jirani yangu hajawahi kulalamikia chakula.

Akaniketisha kwenye jiwe la mlangoni, akaleta mkate, jibini na divai kidogo kwenye glasi nene ya maji. Nikamweleza kwamba mimi ni mtoto wa Dodoma, kwamba kwetu pia zabibu zinalimwa, kwenye udongo mwekundu katikati ya nchi, na zinavunwa mara mbili kwa mwaka.

"Mara mbili!" Alinitazama kama mtu anayesikia habari za ukatili. "Na mzabibu unalala saa ngapi?"

Tulipokuwa tukila alikuwa akijaribu ukali wa mkasi kwenye jani. Ulilitafuna tu. "Mafuta tele, kazi hamna," alinung'unika. Akachukua jiwe la kunolea, akaunoa polepole, akitema mate kidogo juu ya jiwe, mpaka jani likakatika bila kujua. Kisha akaurudisha kwenye kitambaa changu.

"Lakini nimeuleta kwako," nikasema.

"Ni wake. Mwambie mstari wake ni wa tatu kutoka ukutani. Na mwambie asikawie, mimi si msichana."

Kabla ya basi la alasiri nilikwenda kuuona mstari huo. Nikatembea nao mpaka mwisho, nikigusa kila shina, mashina meusi yaliyojipinda kama kamba za nanga. Zabibu zilikuwa bado za kijani, ngumu kama kokoto. Sijawahi kuwa na furaha tulivu kama ile.

Durban nilirudi kwenye baridi ya mwisho wa Julai. Jumapili jirani yangu alipanda akiwa bado na suti ya kanisani. Nilipotandaza kitambaa mezani na akaona kilichomo, alikaa kwenye kiti kama mtu aliyesukumwa.

"Alikataa," alisema. "Hakutaka hata kugusa."

"Papa, sikiliza."

"Anza na uso."

Nikaanza na uso. Nikampa nyusi, midomo, macho. Kisha nikampa maneno: uzi mwekundu, mashati, wiki ya kungoja, chakula. Alinirudisha nyuma mara mbili. "Aliitia yeye? Na mikono yake?" Nikasema ndiyo. Alitazama dirisha, kule ambako ncha kavu za mzabibu wake zilikuwa zikigonga kioo changu.

"Eish," alisema. "Kumbe miye ni mwizi ya zawadi." Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, akajifuta macho kwa tai. "Na ile chakula ilikuwa mingi! Mingi sana! Nitamuandikia leo, nimuambie ile chakula ilikuwa mingi."

"Mstari wa tatu kutoka ukutani, Papa. Amesema usikawie."

"Wa tatu, ndiyo. Naujua." Akauchukua mkasi, akaubana hewani. Tak. Mlio ulikuwa mwingine, mwembamba zaidi. Akausikiliza. Akasimama.

"Ngoja chai, maji yanachemka."

"Nitakunywa nikimaliza." Alikuwa tayari anavua koti la suti, akaliacha kwenye kiti changu. "Ule mti wangu umelala sasa, hauna majani. Ndiyo wakati yake. Agosti itakuwa tumechelewa."

Siku zote jirani yangu akitoka kwangu huuacha mlango, na upepo ndio huubamiza. Safari hii aliushika kitasa, mkasi ukiwa mfukoni mwa shati lake la kanisani, akauvuta taratibu mpaka ukafungika.